Ukifika Thurmond, anzia kwenye mnara wa makaa

Wageni wengi wakifika Thurmond, mji mdogo wa reli kule West Virginia, Marekani, hukimbilia kupiga picha jengo la benki. Mimi nimekulia kota za reli Tabora, nami nakushauri uanzie kwenye mnara wa makaa ya mawe.

Kutoka kijiji jirani cha Glen Jean shika barabara namba 25, kama maili saba. Ni nyembamba na ina kona kali, hivyo basi au gari la kukokota tela usilipeleke. Ramani ipakue mapema. Bondeni mtandao ni wa shida. Mwishoni utavuka mto New River kwenye daraja la njia moja, gari lako likipita ubavuni mwa reli.

Egesha stesheni, jengo la 1904 ambalo Hifadhi ya Taifa ya New River Gorge ililikarabati. Tembea kando, usikanyage reli kabisa: treni za mizigo bado zinapita. Angalia maduka na benki vilivyopangwa. Barabara kuu haipo! Milango yote inatazama reli. Abiria alishuka kwenye behewa, hatua chache yuko dukani.

Sasa nenda kwenye mnara. Ni wa zege, umejengwa 1922, ulibeba tani 500 za makaa ya kujazia injini za treni. Simama hapo na ufikirie kazi yake. Injini ya mvuke lazima isimame: ijazwe makaa na maji, majivu yatolewe, fundi akague boila. Kila kazi ina mtu wake, na kila mtu ana familia inayokula, inayopanga chumba, inayonunua viatu. Reli ilifika hapa 1873, na makaa ya migodi ya jirani yakaupa mji utajiri. Hoteli ya Dun Glen iliungua 1930, benki ikafungwa mwaka uliofuata, lakini mafundi walikuwepo bado. Injini za dizeli ndizo zilizowamaliza. Hazikuhitaji makaa wala maji, zilipita tu. Hilo linaniuma kuliko moto wa hoteli.

Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi watano. Kwa hiyo nyumba za mlimani usiziingie wala kuchungulia madirishani. Bisha hodi kama una shida ya kweli.

Ukipenda kufika kwa treni, Cardinal, treni ya abiria ya shirika la Amtrak, hupita siku tatu kwa wiki. Kata tiketi ya Thurmond kabla, maana pasipo abiria haisimami.