Kusoma mkataba wa kikanda kuanzia nyuma

Kwa miaka tisa nilikaa kwenye kibanda cha ukalimani, vipokea sauti masikioni, nikitafsiri mikutano ya biashara baina ya nchi. Mkalimani halipwi kutoa maoni, lakini kama macho yasivyo na pazia, masikio nayo hayana. Waziri alipokuwa akisoma dibaji, wawakilishi wa viwanda walichezea simu. Vilipofikiwa viambatisho, ghafla kila mtu aliomba mapumziko ya chai. Ukitaka kuona nguvu ya wafanyabiashara wakubwa katika mtangamano wa kikanda, yaani nchi jirani kuunganisha masoko yao, anzia hapo chai inapoombwa.

Fungua mkataba kwa nyuma. Nitatumia Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sababu jedwali zake ndizo zilizonifundisha. Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya ulikuwa na ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35. Mtu akiishia hapo ataandika insha safi kuhusu soko huria. Asogee ukurasa wa bidhaa nyeti: mchele asilimia 75, sukari asilimia 100. Soko ni huria, ila si kwa kila gunia.

Kisha kuna mlango wa pembeni. Kila mwaka, kabla ya Julai mosi, mawaziri wa fedha hukutana kuandaa bajeti, na nchi huomba kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani. Yanayokubaliwa hutoka kwenye Gazeti la Jumuiya. Huhitaji kulisoma lote. Chukua hotuba ya bajeti ya Tanzania na utafute maneno mawili tu: “badala ya”. Kutoza asilimia 10 badala ya asilimia 35, kwa kipindi cha mwaka mmoja, kwenye ngano. Kila “badala ya” ina mtu nyuma yake. Jiulize nani anaitumia bidhaa hiyo kama malighafi, na nani anaizalisha. Kwenye ngano, msagaji anataka ushuru ushuke na mkulima anataka ubaki juu. Ukiona “mwaka mmoja” huohuo unarudi bajeti baada ya bajeti, umeshajua ni nani anayesikilizwa. Mimi huandika kwa penseli pembeni: bidhaa, nchi, kiwango cha zamani, kipya, na idadi ya miaka iliyorudiwa. Safu ya mwisho ndiyo inayosema zaidi.

Sasa rudi mbele, lakini usisome dibaji kama shairi. Ibara ya 7 ya Mkataba wa 1999, ulioianzisha Jumuiya hii, inataka ushirikiano unaowaweka watu katikati na unaoongozwa na soko. Wanafunzi wengi hupigia mstari “watu”. Pigia “soko”, halafu linganisha na Jumuiya ya kwanza, ile ya 1967 iliyovunjika 1977. Ile ilikuwa na reli, bandari, posta na ndege za pamoja, mali ya serikali. Ya pili ilizaliwa baada ya miaka ya ubinafsishaji, na Baraza la Biashara la Afrika Mashariki lilikuwa limeundwa tangu 1997, kabla Mkataba haujatiwa saini. Uliberali mamboleo, ile imani kwamba soko liongoze na dola ijiondoe kwenye biashara, hauna haja ya kujitaja jina. Unauona kwenye kile ambacho dola imeacha kukimiliki.

Kwa hiyo kalenda ni chombo chako cha pili. Weka tarehe za wafanyabiashara upande mmoja na za serikali upande wa pili. Ulaya inafaa kwa zoezi hili: mwaka 1983 Pehr Gyllenhammar wa Volvo aliwakusanya wakuu wa viwanda wakaunda Jukwaa la Wenye Viwanda wa Ulaya. Januari 1985 Wisse Dekker wa Philips akatoa mpango wa soko moja kufikia 1990. Juni mwaka huohuo Tume ya Ulaya ikatoa Waraka Mweupe, yaani mpango wake wa soko hilo, ukomo wake 1992, na Sheria ya Ulaya Moja ikasainiwa 1986. Usikimbilie kusema wenye viwanda ndio walioiandikia Tume. Kutangulia si kusababisha, na Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alilitaka soko hilo kwa sababu zake. Kinachoonekana ni kwamba mlango ulikuwa wazi kwao mapema kuliko kwa vyama vya wafanyakazi.

Cha tatu: nani anaruhusiwa kushtaki? Hapa mkalimani hutoka jasho, maana kila neno lina fedha ndani. NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Marekani, Kanada na Mexico ulioanza 1994, ilimpa mwekezaji haki ya kuipeleka serikali moja kwa moja kwenye baraza la usuluhishi. Kampuni ya Metalclad ya Marekani ilinyimwa na manispaa moja ya Mexico kibali cha ujenzi wa dampo la taka hatarishi. Mwaka 2000 ikaamuliwa ilipwe zaidi ya dola milioni 16. Mfanyakazi wa dampo hakupewa mlango kama huo. Ndipo utaona soko huria halikumaanisha serikali dhaifu, bali serikali iliyokubali kujifunga mikono kwa baadhi ya mambo.

Mwisho, tafuta kile wafanyabiashara wakubwa walichokosa. Usipofanya hivyo utaona njama kila kona, na nimewahi kusahihisha tasnifu za namna hiyo hadi kalamu ikachoka. Mkataba uliorithi NAFTA mwaka 2020 uliondoa haki hiyo ya kushtaki kati ya Marekani na Kanada. Ulipandisha pia sehemu ya gari inayopaswa kutengenezwa ndani ya kanda kutoka asilimia 62.5 hadi 75, na ukadai sehemu ya kazi ifanywe na watu wanaolipwa wastani wa angalau dola 16 kwa saa. Wenye viwanda hawakuyaomba yote hayo. Na wenyewe si kundi moja: anayetengeneza sukari na anayeinunua kutengenezea soda hawakai meza moja.

Nguvu iliyobaki haiandikwi popote. Ni ule ukimya waziri anapoambiwa kiwanda kinaweza kuhamia nchi jirani. Niliutafsiri mara mbili, na kwenye kumbukumbu za mkutano haukuwemo. Kwa hiyo acha nafasi tupu kwenye jedwali lako, kisha nenda kamuulize aliyekuwa ukumbini.