Kuacha sigara kwa mvuvi wa dagaa: anza na mwili

Mvuvi anayetua Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alfajiri akiwa hajalala, hajala na koo limemkauka, asijiapize kuacha sigara saa hiyo. Mwili uliochoka hurudia ulichozoea. Nikotini nayo hupunguza njaa, kwa hiyo tumbo tupu limeshazoea kudai sigara badala ya ugali.

Kwa siku tatu vuta kama kawaida, ila kabla ya kuwasha kila sigara andika saa na kinachokusumbua: njaa, kiu, usingizi au hasira. Usisubiri jioni ndipo uandike, utasahau nusu. Ukikuta hali moja inajirudia kuliko nyingine, hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Kama ni njaa, nenda ziwani na viazi vitamu au chapati na lita mbili za maji, ule katikati ya usiku.

Siku ya kuacha ipange kwa kufuata mbalamwezi. Ukali wa kukosa nikotini hufika kileleni ndani ya siku tatu za kwanza, kisha hupoa kwa wiki mbili hadi nne. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa na mitumbwi hupumzika. Lala usiku mmoja mzima, halafu anza kesho yake. Kuanza siku za giza, mitumbwi ikiwa kazini, ni kujitesa bure.

Kahawa inaweza kukuangusha bila wewe kujua. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi: mikono inatetemeka, usingizi unapaa, na unadhani ni hamu ya sigara. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Ukirudi kazini, kama unalala saa 3 asubuhi, kikombe cha mwisho kiwe saa 9 usiku.

Hamu ikipanda, kunywa maji na tembea; kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache. Pombe iache kabisa wiki hizo.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake jijini London ulionyesha kuwa mazoea mapya huchukua siku 18 hadi 254 kukomaa, kwa hiyo giza litarudi kabla hujazoea. Ukiteleza ukavuta moja, usitupe daftari: andika ulikuwa na njaa, kiu au usingizi, na usiku unaofuata beba kile kilichokosekana.