Asmini, rehani na kilua uani: kulima maua kwa kufuata pepo za Unguja

Mtoto wa dada yangu alipohamia nyumba mpya Fuoni, alichoniomba mwanzo si pazia wala zulia. "Mama mdogo, nataka asmini uani kama zile za kwenu Wete." Nikawa nakwenda kwake kila wiki, tokea masika hadi kaskazi iliyofuata, na haya ndiyo tuliyoyafanya. Mie hutunga vikuba, vile vishada vya maua vya kubandika kifuani, na makoja ya harusi, yaani mashada ya kuvaa shingoni, kwa hiyo maua yangu ni ya harufu. Ukitaka ua la kutizamwa tu, panda bogenvilia, likivuka ukuta likate, basi. Hutohitaji kusoma zaidi.

Hatua ya 1: Shika pepo, usishike kalenda ya ukutani

Masika ndiyo mvua kubwa, Machi hadi Mei. Kusi, upepo wa kusini, ikishavuma tunaingia kipupwe, Juni hadi Agosti, ubaridi kidogo na manyunyu ya mchoo ya hapa na pale. Vuli huja kuanzia Oktoba, mvua za kuvizia. Kisha kaskazi, upepo wa kaskazini, Disemba mpaka Machi: jua, vumbi, kisima kinashuka.

Bibi yangu hakuwa na habari na Oktoba. Yeye alihesabu kwa mwaka wa Nairuzi, siku 365 zilizogawanywa miongo 36 ya siku kumi kumi, na tano za kubakia. Huo ndio mwaka unaokogwa, yaani kusherehekewa, Makunduchi kila Julai. Akikwambia "mwongo fulani, pogoa", unapogoa. Ila mwaka huo hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne kama huu wa kalenda, kwa hiyo polepole unasogea. Hesabu za bibi wa bibi yako usizichukue kama zilivyo. Toka nje uangalie mbingu.

Na kama uko Pemba, mvua ni nyingi kuliko Unguja. Punguza ndoo kila ninapotaja ndoo.

Hatua ya 2: Udongo (hapa ndipo palipokula miaka yangu miwili)

Nilipohamia Unguja nilipanda miasmini sita nyuma ya nyumba. Baada ya miezi mitatu majani yakaanza kugeuka manjano. Nikasema njaa hiyo, nikatia samadi. Yakazidi. Nikatia mbolea ya chumvichumvi ya dukani. Yakazidi. Jirani akanambia majivu ya jikoni ni dawa ya kila kitu, nikamwaga majivu kila Ijumaa, na hapo ndipo nilipoimaliza kabisa. Minne ilikufa. Miwili iliyobaki haikutoa hata ua la kutia sikioni.

Makosa yangu yalikuwa kutizama umanjano bila kuuliza ni majani gani yaliyogeuka mwanzo. Liangalie hili vizuri:

Yakianza majani ya chini, yale makongwe, yakawa manjano jani zima, hiyo kweli ni njaa. Tia samadi.

Yakianza majani machanga ya juu, jani likawa manjano lakini mishipa yake imebaki kijani kama ramani ya mito, hiyo si njaa. Hiyo ni chokaa. Mwasmini unapenda udongo wenye uchachu kidogo, na penye chokaa nyingi chuma kimo ardhini lakini mizizi haiwezi kukinyonya. Majivu nayo ni mwenzake chokaa, ndiyo maana yaliua miti yangu.

Chokaa inatoka wapi? Kisiwa chenyewe. Upande wa mashariki na kusini ya Unguja, uwandani, jiwe la matumbawe liko chini tu ya unyayo. Hata penye kinongo, ule udongo mwekundu mzuri, mafundi wakishajenga wanakuachia kifusi cha mawe na chokaa, wanakifukia kwa mchanga juu, wanakupa funguo. Kwa mtoto wa dada yangu tulichimba dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole, tukatoa vipande vya matofali, mfuko wa saruji uliogandana, na kandambili.

Jaribio ni jepesi. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, utie kwenye kikombe, mwagia siki ya dukani. Ukisikia unachacharika na kutoa povu, pana chokaa. Ukinyamaza, mshukuru Mungu upande. Fanya hivyo sehemu tatu nne za ua, maana upande wa karo unaweza kuwa salama na upande wa ukuta ukawa kifusi kitupu. Chimba kidogo kwanza. Udongo wa juu hudanganya.

Ukitoa povu, usipigane na ardhi. Wako watakaokwambia uchanganye hiki na kile uibadilishe. Mie nimejaribu, unabadilisha masika moja, mwaka wa pili chokaa imerudi kutoka ubavuni. Panda juu ya ardhi: pipa lililokatwa nusu, debe, tairi mbili zilizopandana, chochote kilichotobolewa chini. Jaza hivi: kinongo mafungu mawili, samadi kongwe fungu moja, makumbi ya nazi yaliyooza au takataka za majani ya chini ya mwembe fungu moja. Na sasa tahadhari zake, kwa kuwa kila moja imenigharimu:

Makumbi yawe yameoza kweli, yamepigwa na masika angalau moja. Mabichi yananyang'anya mmea chakula wakati yenyewe yanaoza. Yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi, usiyaguse.

Mchanga wa pwani usitie hata kwa "kulainisha tu". Ni chumvi na makombe, na makombe ni chokaa.

Samadi ikiwa bado ina moto au harufu ya zizi, iache miezi mitatu.

Pipa liwe dhiraa mbili kutoka ukutani kama ukuta umepakwa chokaa. Mvua inauosha, na yale maji meupe yanakwenda moja kwa moja kwenye mizizi. Hili nililigundua baada ya kuwa nimefanya mengine yote sawa, na nilitaka kulia.

Halafu maji. Tizama birika lako la chai. Kama ndani limeota ukoko mweupe, maji ya kisima chako yanapita kwenye jiwe lilelile, na kila ukimwagia unarudisha chokaa uliyoikimbia. Kinga maji ya mvua ya bati, uyaweke kwa ajili ya miasmini peke yake. Mirehani na mengine yape ya kisima, haijali.

Hatua ya 3: Vipandikizi

Mwezi wa Machi, mvua za mwanzo. Kata tawi lisilo changa wala gumu, urefu wa shibiri, lenye vifundo vitatu. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye kiriba, kimfuko cha kuoteshea miche, kilichojaa udongo mwepesi, weka kivulini. Baada ya mwezi mmoja na nusu vuta taratibu. Likikataa kutoka, lina mizizi. Rehani hupandwa kwa mbegu, unanyunyiza tu. Kilua, ua jingine la harufu, panda kokwa mbichi, usiikaushe, kisha subiri kwa miaka, upande wenye kivuli.

Mlangilangi usipande uani. Najua harufu yake. Ni mti mkubwa, utainua sakafu na utagombana na jirani. Omba maua kwa mwenye shamba.

Mawaridi ya kwenye vyungu yanayokuja na boti kutoka bara sitoyasemea. Yakifika yamependeza, baada ya kaskazi moja umebaki na chungu.

Hatua ya 4: Masika yenyewe

Hamna cha kumwagia. Kazi ni kuzibua matobo ya mapipa, kwa sababu mwasmini unavumilia kiu kuliko kusimama majini, na kuwinda konokono. Wale wakubwa wa gamba la kahawia wanamaliza kitalu cha rehani usiku mmoja. Dawa ni tochi na ndoo, baada ya Isha, kwa mkono. Usiwamwagie chumvi: konokono atakufa na udongo utakufa naye. Miche ya kwenye viriba ihamishe mwisho wa Mei, mvua zikianza kulegea na ardhi ingali imelowa.

Hatua ya 5: Kusi na kipupwe

Pumzika. Palilia. Kama nyumba inaelekea bahari ya mashariki, simamisha kiambaza cha makuti, upepo wa kusi unabeba chumvi na majani yanaungua ncha. Mrehani ukitoa vishada vya mbegu ukate, la sivyo unazeeka.

Hatua ya 6: Kupogoa

Watu wanaogopa kukata. Asmini huchanua kwenye vitawi vipya, kwa hiyo mti usiokatwa unarefuka na kukupa majani. Mwisho wa Agosti mie hukata theluthi ya mti mzima, na majani yaliyobaki nayapukutisha nusu. Mtoto wa dada yangu alipoona alinyamaza kimya siku nzima. Vuli ilipoanza vitawi vilijaa vikonyo vya maua.

Tumia mkasi uliotiwa makali. Panga linapasua tawi na ugonjwa unaingia, na mpwa wangu wa kiume aliyetaka kusaidia na panga nilimpa kazi ya kuchota maji.

Kwenye uani wangu, kutoka kukata hadi kuchuma ni wiki sita au saba. Hesabu hiyo iandike, maana harusi na Idi hazifuati pepo. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo Idi inazunguka misimu yote. Mwaka 2025 na 2026 Idi ya kumaliza Ramadhani imeangukia Machi. Aliyetaka asmini za Idi hiyo ilimpasa akate kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, katikati ya kaskazi, jambo ambalo bibi asingelikubali. Inawezekana, lakini kata kidogo tu, robo ya mti, na uwe na maji ya mvua ya kutosha tangini. Huna maji, usikate, nunua sokoni Darajani.

Hatua ya 7: Kaskazi

Maji alfajiri, kabla jua halijapanda. Mpira siupendi, unachimba shimo na maji yanakimbia. Mie hutumia ndoo na kata ya kuchotea, polepole, kata tatu nasubiri zizame, kisha tatu tena. Funika juu ya udongo kwa makumbi, ila yasiguse shina, mchwa wanapanda. Onja maji ya kisima kila wiki: karibu na pwani, kiangazi kikiwa kirefu, yanaingia chumvi, na ulimi wako utajua kabla ya majani.

Ukiona vidudu vidogo vimejazana kwenye ncha changa, chemsha majani ya mwarobaini, yapoe, changanya na kipande cha sabuni ya mche, nyunyiza magharibi. Asubuhi usinyunyize, jua litaunguza majani.

Hatua ya 8: Kuchuma

Alasiri, zingali zimefumba, nyeupe, zimevimba. Ile ya rangi ya kijani kidogo iache mpaka kesho, haitofunguka. Iliyokwisha funguka asubuhi ni ya kuokota, si ya kutunga. Zifunge kwenye jani la mgomba lililonyunyizwa maji, uziweke mahali pa baridi lakini si ndani ya friji, zinageuka kahawia. Ukianza kutunga baada ya Magharibi, kikuba kitafunguka kikiwa kifuani kwa mwenyewe, ukumbini, ndipo watu wageuke.