Kuzunguka Côte d'Azur kwa gari majira ya joto: panga kwa saa, si kwa kilomita

Côte d'Azur ni pwani ya kusini mashariki mwa Ufaransa. Kutoka Saint-Raphaël hadi Menton, mlangoni mwa Italia, kwa barabara ya ufukweni ni kama kilomita mia moja tu. Ukiangalia ramani unajiambia: asubuhi moja inatosha. Mwezi Agosti haitoshi hata siku nzima. Nimeipanga safari hii zaidi ya mara moja, na kila nilipochemsha sababu ilikuwa hiyohiyo: nilihesabu kilomita.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya hoteli. Mwisho wa Julai Wafaransa wanaorudi kutoka likizo hupishana na wanaoianza, barabara zikajaa pomoni. Tangu 1976 kuna utabiri rasmi wa foleni uitwao Bison Futé, unaozipaka siku rangi: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Jumamosi nyeusi usiikaribie barabara ya kulipia ya A8. Ingia Jumanne au Jumatano. Kama ratiba ni yako, nenda Septemba. Maji bado yana joto na watoto wamerudi shule.

Hatua ya 2: Gari dogo. Usione haya. Vichochoro vya miji ya kale na maegesho ya chini ya ardhi havikujengewa magari mapana. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, kwa hiyo anayetaka otomatiki aagize mapema. Beba kadi ya mkopo yenye salio la kutosha kuzuiwa kama dhamana, na leseni ya kimataifa pamoja na ya kwenu. Aliyezoea kuendesha kushoto atapata shida zaidi kwenye kipilefti, ambacho kule ni kipiraiti: unaingilia kulia, na waliomo ndani kwa kawaida ndio wenye haki ya kupita.

Hatua ya 3: Endesha kuelekea mashariki. Hili ndilo watu hulisahau. Ufaransa huendeshwa kulia na bahari iko kusini, kwa hiyo ukitoka magharibi kwenda mashariki maji yako upande wako. Ukiona pa kusimama unachepuka tu, hukati mbele ya wanaokuja. Gharama yake ni jua la asubuhi machoni, vaa miwani.

Hatua ya 4: Gawa pwani vipande. Kipande ninachokipenda ni Corniche d'Or, barabara iliyofunguliwa mwaka 1903 chini ya milima myekundu ya Esterel. Ondoka Saint-Raphaël saa 1 asubuhi. Simama Dramont, ufukwe walikotua wanajeshi wa Marekani tarehe 15 Agosti 1944, kisha nenda taratibu hadi karibu na Cannes. Mawe mekundu, maji ya buluu, kona baada ya kona. Dereva naye anataka kuona, kwa hiyo simameni mara nyingi. Wenye kichefuchefu wakae mbele.

Cannes hadi Nice sina la kuisifia kwa gari. Pita A8, lipa, endelea.

Kati ya Nice na Menton kuna barabara tatu zilizochongwa ubavuni mwa mlima, moja juu ya nyingine. Ya chini hupita Villefranche na Monaco, na ndiyo yenye foleni. Ya kati hukufikisha Èze. Ya juu, iliyojengwa kwa amri ya Napoleon, hupita La Turbie penye mnara wa Mfalme Augusto wa Roma. Nenda kwa ya juu, rudi kwa ya kati, na ya chini waachie wengine: treni hupita kulekule ufukweni.

Na Saint-Tropez, mji wa pwani ulio magharibi mwa Saint-Raphaël, je? Acha gari Sainte-Maxime, ng'ambo yake, uvuke ghuba kwa boti. Wenzako watakuwa bado foleni.

Hatua ya 5: Kabla ya kuwasha gari kila asubuhi. Angalia tangazo la siku la hatari ya moto: upepo ukivuma, misitu ya milimani hufungwa. Fika ufukweni kabla ya saa 3, baadaye maegesho ni bahati nasibu. Usiache begi linaloonekana kitini. Na fulana ya kuakisi mwanga iwe mlangoni kwa dereva, si kwenye buti: gari likizima barabarani, sheria inataka uivae kabla hujashuka.