Tarehe na saa kwenye programu: mambo ya kuamua kabla ya msimbo

Andika 03/04/2025 kwenye karatasi umwonyeshe karani wa mizigo pale Kilindini, bandari ya Mombasa. Atasoma tarehe tatu Aprili. Mteja wake aliyeko Marekani atasoma Machi nne, na hakuna aliyekosea. Basi kabla programu haijachapisha tarehe hata moja, chagueni muundo mmoja, muuweke pahali pamoja, na kila sehemu ya msimbo ichote hapo. Wawili wakiandika kila mmoja kwa mkono wake, mwezi hauishi hamjaanza kulaumiana.

Kwa kuhifadhi, na kwa mifumo kupelekeana taarifa, hapana haja ya kubuni: ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe na saa, ipo tangu 1988. Mwaka, mwezi, siku: 2025-04-03. Hata ukizipanga kama maneno tu, zinafuatana sawasawa. Saa ikiingia, weka na tofauti yake na UTC, saa ya dunia inayotumika kama kipimo: 2025-06-01T02:10:00+03:00. Huo mkia wa +03:00 ndio watu wanaouacha.

Sasa tazama mfano huo huo. Lori linaingia getini saa nane na dakika kumi, usiku wa kuamkia Juni mosi. Seva inafuata UTC, na kwake bado ni 23:10 ya Mei 31. Ripoti ikikata mwezi kwa tarehe ya seva, lori limehesabiwa Mei, na mhasibu atakuja mezani kwako. Mchana hulioni kosa hili. Linaishi kati ya saa sita na saa tisa usiku, wakati watengenezaji wamelala na bandari iko kazini. Hifadhi kwa UTC, lakini siku ikatwe kwa ukanda wa saa unaoitwa Africa/Nairobi. Africa/Mombasa usiitafute, haimo kwenye orodha ya kanda za saa. Wala usijumlishe saa tatu kwa mkono: sisi hatubadilishi saa, lakini London hubadilisha, na tofauti yetu nao huwa saa tatu wakati wao wa baridi na mbili wakati wa joto.

JavaScript ina mtego wa upande wa pili. Ukiipa "2025-04-03" peke yake, inaichukua kuwa saa sita usiku ya UTC. Kwetu ni saa tisa usiku, tarehe ile ile, kwa hiyo hushtuki. New York ni jioni ya tarehe mbili. Tarehe isiyo na saa, kama ya kuzaliwa, ibaki tarehe tupu.

Kwa wa Java: mwaka ni yyyy. Ukiandika YYYY unapata mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki ile imehesabiwa, na Desemba 30, 2024 inatoka ikiwa na mwaka 2025. MM ni mwezi, mm ni dakika.

Linalobaki ni la kwetu wenyewe. Mtu akikwambia "nitafika saa mbili", anamaanisha 08:00 au 20:00. Ukimtumia ujumbe wa Kiswahili unaosema "miadi yako ni saa 8 mchana" kwa kunakili tarakimu ya 08:00, atakuja 14:00, na haki iko kwake. Mimi hupendelea 08:00 ya saa 24 kwenye majedwali, na "saa mbili asubuhi" kwenye sentensi, kazi hiyo ikifanywa na fanksheni moja tu. Kwenye fomu mtu achague wakati, asiandike "saa 2" akakuachia ubashiri. Siku nazo zina lake: kwa wengi hapa pwani "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi baada ya magharibi. Kwa hiyo kikumbusho cha usiku kitaje tarehe pia.

Halafu jaribuni kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, maana msimbo usiotaja muundo huazima wa mashine. Jaribio la kwanza liwe lile lori la saa nane usiku.