Fremu inayokukaa na lenzi zisizokusumbua

Anayetafuta miwani mara nyingi huanza na swali la umbo: uso wangu ni wa duara au wa mraba? Anza na namba. Fremu iliyokaa sawasawa huupendeza karibu uso wowote, na inayoteleza puani haipendezi hata ikiwa ghali kiasi gani.

Ichukue miwani unayovaa sasa, uangalie upande wa ndani wa mkono wake. Utakuta maandishi kama 52□18 140. Hizo ni milimita: 52 ni upana wa kioo kimoja, 18 ni daraja, yaani nafasi ya pua kati ya vioo viwili, na 140 ni urefu wa mkono. Ikiwa haibani wala haitelezi, fremu mpya isipishane nayo kwa zaidi ya milimita 2 kwenye kioo na daraja. Urefu wa mkono usikutie wasiwasi sana, maana fundi huukunja upya ili upinde uanzie pale pale sikio linapoanza.

Kipimo cha nne hakimo kwenye fremu, nacho ni umbali kati ya mboni na mboni. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya milimita 54 na 74. Mwombe aliyekupima akuandikie, kisha jumlisha kioo na daraja la fremu unayoitaka: 52 na 18 ni 70. Ikiwa mboni zako zimeachana kwa 62, kitovu cha kila kioo, yaani sehemu inayopaswa kukaa mbele ya mboni, kitasogezwa milimita 4 kuelekea puani. Kwa mwenye namba ya −1.50 (namba ni nguvu ya kioo, na alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali) hilo si neno. Kwa mwenye −6.00 ni shida, kwa sababu kioo cha asiyeona mbali ni chembamba katikati na kinene pembeni, na kukisogeza kitovu ndani kunauacha ukingo mnene upande wa panja, ukionekana na kuelemea. Fremu ya 46□20 inajumlisha 66, kwa hiyo kitovu kinasogea milimita 2 tu, tena kioo chenyewe ni kidogo na sehemu kubwa ya ule unene inakatwa. Hapo umeshapunguza unene kabla hujalipia vioo vya 1.67 au 1.74 (kipimo cha jinsi kioo kinavyoupinda mwanga), ambavyo ni vyembamba kuliko plastiki ya kawaida ya 1.50 lakini huakisi mwanga zaidi, hivyo visichukuliwe bila utando wa kuzuia mng'ao. Kwa namba ya −2.00, 1.67 ni kupoteza pesa.

Sasa nenda kwenye kioo cha kujitazamia. Vaa fremu, ucheke, inama kama anayefunga kamba za viatu, kisha pepesa macho. Mashavu yakiinyanyua unapocheka, imekaa chini mno. Kope zikigusa kioo, iko karibu mno. Mwenye mwamba wa pua ulio bapa husumbuliwa zaidi na fremu za plastiki zenye daraja lisilorekebishika. Achukue zenye vipadi vya puani vinavyoshikwa na waya, ambavyo fundi huvisogeza kwa koleo. Mikono ikitanuka nje kabla ya kufika masikioni, fremu ni nyembamba: itabana panja, na kule kubana ndiko kunakoisukuma mbele hadi iteleze. Watu wengi huilaumu pua bure.

Baada ya hayo ndipo umbo. Ukingo wa juu ufuate mkondo wa nyusi, na mboni zikae katikati ya kioo au juu kidogo. Uso wa duara hupata mistari kwa fremu yenye kona. Taya pana hulainishwa na ya duara. Pua ndefu hufupishwa na daraja lililokaa chini. Rangi ni hiari yako. Anayehitaji vioo vya kuonea mbali na karibu kwa pamoja asichukue vioo vyenye kimo cha chini ya milimita 28 hivi, la sivyo sehemu ya kusomea hukatwa.

Kontakti lenzi zina vipimo vyake. Usinunue kwa karatasi ya miwani. Kwenye boksi utasoma BC, yaani mpindo wa lenzi, kwa mfano 8.6, DIA, kipenyo, kwa mfano 14.2, na PWR, namba yenyewe. Lenzi iliyobana hainyanyuki unapopepesa na huacha jicho jekundu; iliyolegea huhama, na picha huja na kupotea. Namba nayo hubadilika ikipita 4.00, kwa kuwa miwani hukaa milimita 12 hivi mbele ya jicho: −6.00 ya miwani huwa −5.50 kwenye lenzi. Kama karatasi yako ina CYL, yaani namba ya jicho lisilopinda sawasawa pande zote, ya −0.75 au zaidi, uliza lenzi za toriki, zilizotengenezwa kwa jicho la namna hiyo.

Za siku moja ndizo bora kwa anayevaa mara chache, mwenye mzio, au mvivu wa kuosha. Za mwezi huhesabiwa tangu siku ulipofungua pakiti, hata kama umezivaa mara nne tu.

Kabla ya kuvaa, osha mikono na uikaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka lenzi kwenye ncha ya kidole na uitazame kwa ubavuni: ikiwa kama bakuli, iko sawa, kingo zikifunguka nje kama sahani, imepinduka. Vaa kabla ya kupaka wanja na vua kabla ya kuuosha. Ukivua za mwezi, zisugue kwa kidole kwenye kiganja kwa dawa mpya ya lenzi, kisha mwaga dawa ya jana yote iliyobaki kwenye kijaluba cha kuzihifadhia. Kuongezea juu yake huipunguzia nguvu ya kuua vijidudu. Maji ya bomba na mate yasiguse lenzi wala kijaluba chake, kwani ndani ya maji huweza kuwamo amiba, kijidudu anayeshambulia konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na ambaye tiba yake huchukua miezi. Kijaluba kibadilishwe kila baada ya miezi 3. Jicho likiuma, likiwa jekundu, likiogopa mwanga au kuona ukungu, vua lenzi papo hapo, uende nayo kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo bila kuitupa, maana huenda akaipima.