Mbegu za maboga: mwezi sikutajii, shika udongo kwanza

Watu wakiniuliza maboga ya ganda gumu, batanati na wenzake yale ya kukaa stoo miezi, yanapandwa lini, wanategemea niwatajie mwezi. Sikutajii, we shika udongo. Mbegu ya boga ikilala kwenye udongo wa baridi wenye maji haioti, inaoza tu. Chini ya nyuzi joto 16 usijisumbue, ukifika 21 na kupanda juu hapo ndo utaona kitu kinachomoza ndani ya wiki hivi. Kama una kipimajoto kichomeke sentimita 5 chini asubuhi siku tatu nne mfululizo, asubuhi nasema, maana saa nane mchana kila udongo una joto.

Mi nishaingia kichwa kichwa. Mvua ya kwanza tu nikapanda, siku kumi kimya, nikafukua kwa kidole nikakuta mbegu nje nzima kabisa nyeupee, kuibinya ikatoka uji unanuka. Shimo la pili hivohivo, la tatu hivohivo. Nikarudia wiki tatu baadae na hizo za pili ndo nilizovuna.

Ila ukisubiri sana nako unaumia. Toka kupanda mpaka boga likomae ni kama siku 80 mpaka 120, inategemea aina, angalia pakiti. Kwahiyo anzia mwisho urudi nyuma: kama kwenu kuna baridi ya kugandisha umande, hesabu kutoka siku inapoanzaga afu ongeza wiki mbili za akiba, boga likipigwa na ile baridi halikai tena stoo. Kama kwenu ni mvua na kiangazi basi panga likomae mvua imekata, boga linalolalia matope linaoza kwa chini huku juu linang'aa na wewe unajipongeza. Msimu ukiwa mfupi unaweza kuotesha kwenye vikopo wiki tatu kabla, ila mizizi yake haipendi kuguswaguswa, tumia vikopo vya karatasi ufukie na kikopo chake.

Shimo lichanganye na samadi iliyooza vizuri, mbichi inaunguza, inua kituta kidogo afu weka mbegu 4 au 5, kina sentimita 2 mpaka 3 tu. Wengine wanabishana ncha iangalie wapi, mi nailaza ubavu na zinaota. Mwagilia ile siku, baada ya hapo subiri juu paanze kukauka, wengi wanaua mbegu kwa kuzipenda, kila jioni ndoo. Miche ikitoa majani mawili ya kweli (yale mawili ya kwanza ya mviringo hayahesabiki) bakiza miwili yenye afya, iliyobaki kata na mkasi usiing'oe, ukivuta unaondoka na mizizi ya jirani yake.

Nafasi ndo watu wanapobana. Zinazotambaa zinataka mita 1 mpaka 1.5 shimo kwa shimo, mstari kwa mstari mita 2 mpaka 3, najua mwanzoni shamba linaonekana tupu na roho inauma, ngoja mwezi uone kama utapata pa kukanyaga. Ukibananisha hewa haipiti, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unaanza kupaka majani unga mweupe.

Maua ya kwanza yakidondoka yote usikimbilie duka la dawa, hayo ni madume, yanatangulia. Jike utalijua, lina kaboga kadogo nyuma ya ua, linafunguka asubuhi moja tu na nyuki asipopita ndo basi, kwahiyo dawa ya wadudu asubuhi hapana.

Mbegu za kujitunzia nazo angalia zilipotoka. Kama jirani na maboga kulikua na vibuyu vya mapambo, nyuki anachanganya, na msimu unaofuata unaweza kukutana na boga chungu, hilo tema, usijaribu kulizidishia chumvi, ule uchungu ni sumu na kupika hakuutoi.

Na shimo likipitisha siku 12 udongo una joto na hakuna kitu, fukua uone. Ikiwa imeoza panda nyingine sikuhiyohiyo, ila hesabu tena zile siku za boga kukomaa kabla hujafukia.